Dakika Kumi na Moja za Kutembea

Mwezi wa kumi na moja ni mwezi wa marehemu kwetu Wakatoliki, na kila mwaka ukikaribia, kina mama wa shirika letu la parokia hutafuta kitu cha kufanya Jumamosi moja alasiri baada ya rozari. Mwaka huu walitaka filamu. Mama Régine, kiongozi wetu, alinijia mimi kwa sababu anajua niliwahi kufanya kazi ya video ujanani, na kwa sababu siku hizi sina nguvu ya kukataa. "Dada Philo," aliniambia, "ututafutie filme moja ya muzuri juu ya lufu, lakini ya kutuliza roho." Nikampa filamu ya kifo, ndiyo hiyo lufu, aliyoitengeneza binti ninayemfahamu, Bénédicte. Alitazama dakika ishirini, akanirudishia flashi ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa, akaishika kwa vidole viwili. "Ile haina filme, dada. Ile ni kilio ya bantu. Miye nilitoka ku kilio juzi tu, sitaki kurudia tena ku televizyo." 'Haina' kwetu ni 'si', na kilio ni matanga. Sikubishana naye. Nilimwekea chai, akainywa, akaniuliza, safari hii kwa upole, kwa nini mimi ninapenda vitu vya kuumiza. Nikasema nitamjibu. Hili ndilo jibu langu, na inanibidi nilianzie mbali.

Filamu yenyewe ni ya saa moja na nusu. Mzee mmoja anakufa polepole kwa ugonjwa wa mapafu katika chumba cha nyuma, na binti yake anamuuguza. Basi. Hakuna mchawi, hakuna mchungaji anayemfufua mtu, hakuna muziki hata kidogo. Kuna beseni, kuna kikohozi, kuna binti anayemkata baba yake kucha za miguu, kidole baada ya kidole, na kamera haiondoki. Siku ya mazishi, watu wakiimba nje, binti yuko jikoni anatafuta kifuniko cha sufuria, hakioni, na anakitafuta kana kwamba ndicho kilichokufa. Anayeigiza binti huyo ni muuza makaa wa mtaa wa Naviundu ambaye hajawahi kuigiza chochote maishani mwake. Kasoro zipo. Katikati inasinzia, na padri anaigiza kupita kiasi, utadhani anagombea ubunge. Lakini nimeitazama mara tatu, na kila mara nimelia mahali tofauti, mimi niliyedhani kwamba machozi yangu yalishakwisha kwenye vilio vya watu wengine. Kwa hiyo nawaambia wote wanaoniuliza: itazameni. Msile mkiwa mnaitazama, wala msigeuze uso pale mzee anapoogeshwa.

Bénédicte ni binti wa Papa Évariste, mpiga kamera aliyenifundisha kazi. Papa Évariste amefariki mwaka huu, kiangazi, na kwenye kilio chake ndipo nilipokutana tena na huyo binti ambaye nilimwacha akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Tulikaa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, magoti yangu yakilalamika, na kila mtu alikuwa na simu mkononi. Simu kumi na tano zilimwelekea maiti, na nadhani hakuna hata mtu mmoja aliyemtazama. Nilimwambia Bénédicte hivyo. Akanijibu, "Papa alikuwa anasema njo weye peke yako ulielewa kazi yake, Mama Philo. Alisema ni ile kosa njo ilikuelewesha." Nilicheka kidogo, nikaona aibu kucheka mbele ya jeneza, kisha nikakumbuka kwamba aibu ya namna hiyo ndiyo iliyoniharibia kazi mwaka wangu wa kwanza kwake. Alinipa flashi yenye filamu yake hapo hapo, kama mtu anayempa mgeni kikombe cha maji.

Ya nyumbani kwetu siyasemi, hayana kazi hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya masista, najua kuandika barua kwa Kifaransa safi na kukunja shuka pembe nne. Papa Évariste alikuwa na studio ya video mtaani Katuba, chumba kimoja nyuma ya fundi baiskeli. Dirisha lilizibwa kwa blanketi la kijivu ili mwanga usiingie kwenye skrini. Kulikuwa na makochi mawili yaliyovikwa plastiki, picha ya Moyo Mtakatifu, meza ndefu, na juu ya meza mashine mbili za video zilizounganishwa kwa waya pamoja na televisheni ndogo iliyokuwa ikigeuza nyuso zote kuwa za kijani mpaka uipige kofi upande wa kushoto. Saa sita mchana mke wake alituletea bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, au bukari na samaki wadogo wakavu, na tulikula kwenye meza hiyo hiyo, kaseti zikiwa zimesogezwa kando. Nje, fundi baiskeli aligombana na wateja kutwa nzima. Nilijifunza mambo mengi zaidi ya dunia kwa kumsikiliza yule fundi kupitia blanketi kuliko kwa masista.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vilio. Harusi zilikuja kwa msimu, lakini vilio havina msimu. Kila familia ilikuwa na mtu Ulaya, au Afrika Kusini, au Kinshasa, ambaye hakuweza kufika kuzika, na mtu huyo alitakiwa apelekewe kaseti aone kwamba baba yake au mama yake amezikwa vizuri. Papa Évariste alipiga picha kila kitu, saa nne, saa tano, kisha mimi nikabaki na kazi ya kupunguza. Tuliiita kusafisha kaseti. Unaweka kaseti ya kamera kwenye mashine ya kwanza na kaseti mpya kwenye ya pili, unabonyeza, unasimamisha, unabonyeza tena. Nilitoa walevi. Nilitoa wajomba wanaogombana ni nani aliyemroga nani, nilitoa shangazi aliyesinzia mdomo wazi, watoto wanaojipaka masizi ya sufuria, na kila mahali ambapo mtu alicheka. Kilichobaki kilikuwa jeneza, maua, misa, kaburi, na watu wakilia kwa adabu. "Kata yote yenye kupatisha familia haya," ndiyo amri pekee aliyonipa Papa Évariste, na mimi nilikuwa hodari wa haya. Masista walinifundisha vema. Baada ya hapo kaseti ya kamera ilirudi kwenye mkoba, ikarekodiwa kitu kingine juu yake, maana kaseti nzuri zilikuwa chache na zetu zilishatumika mpaka zikawa na mvua ya michirizi kwenye picha.

Mnamo mwezi wa pili wa kazi yangu alikufa Papa Léonard, mstaafu wa reli, mtu wa Naviundu. Mimi sikwenda kwenye kilio. Nilikiona chote kwenye ile televisheni ndogo. Na katikati ya kaseti ya pili, kabla jeneza halijatoka uani, niliona kitu kilichonikausha mate. Msichana wa rika langu alitokea nyuma ya nyumba amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu na viatu vya marehemu, akaanza kutembea mbele ya waombolezaji akimwiga. Alikuwa mjukuu wake, Nadège. Alikohoa kama yeye. Alisimama, akatoa saa ya mfukoni ambayo haikuwepo, akaitazama, akakunja uso kuelekea jeneza na kusema, "Sasa huyu amelala mpaka saa hizi, treni yake itaondoka na nani?" Watu walianguka kwa kicheko. Akamwendea bibi yake, mjane, aliyeketi chini kwenye mkeka kichwa kimefunikwa kwa kitenge, akamwambia, "Weye muke mwenzangu, unalia juu ya bwana yangu? Acha kulia yako, miye njo alikuwa ananipenda zaidi." Mabega ya mjane yakatikisika. Nikasema moyoni, maskini, wanamliza mpaka mwisho.

Wenyeji wa kwetu wanajua ninachokieleza, na mgeni nitamwambia kwa kifupi. Wajukuu kwetu wana utani na babu na bibi zao, na utani huo haukomi kwa kifo. Siku ya kifo ndiyo siku yao. Wanavaa nguo za marehemu, wanamwiga, wanamtukana kidogo, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mimi nililijua hilo kama kila mtu anavyolijua. Lakini nilijua pia kwamba kaseti hii inakwenda kwa mtoto wa marehemu, Jean-Marie, huko Ulaya, na kwamba Jean-Marie ana mke mzungu na wakwe wazungu. Niliwaona akilini, ninaapa, niliwaona wamekaa kwenye kochi lao wanatazama watu wa Naviundu wakicheka karibu na jeneza. Watasema sisi ni wehu. Nikakata dakika kumi na moja. Nilijivunia namna nilivyoziba pengo: kutoka kwenye ua la waridi moja kwa moja hadi kwenye msalaba wa padri. Siku ya nne kaseti ilipelekwa uwanja wa ndege wa Luano kwa msafiri aliyeahidi kuifikisha, na Jumamosi iliyofuata Papa Évariste alirekodi harusi juu ya ile ya kamera.

Mjane, Mama Anastasie, alikuja studio baada ya wiki tatu. Hakuwa na mashine ya video nyumbani, na alitaka kuiona nakala yake. Alikuja na dada wa marehemu, kwa sababu mjane hatembei peke yake akiwa bado kwenye weusi, akaketi kwenye ukingo wa kochi ili plastiki isipige kelele. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono mikubwa. Nilimwekea kaseti, nikakaa nyuma yake nikisubiri sifa. Alitazama misa yote. Alitazama kaburi. Alitazama safu ya watu wakipita kutoa pole, mmoja mmoja, akitaja majina yao chini ya pumzi. Skrini ilipogeuka kuwa theluji ya kaseti iliyokwisha, hakuinuka.

"Na kutembea?" aliuliza.

"Kutembea gani, mama?"

"Kutembea yake."

Nilimweleza kwa Kiswahili changu cha heshima kwamba marehemu hatembei. Dada wa marehemu akafyonza. Mama Anastasie alinigeukia, hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mutoto, siko mupumbafu. Niko nasema Nadège. Pale alivala koti. Mu miaka makumi ine na moja hakuna muntu alimupiga bwana yangu ku video. Niko na picha tatu, na zote anasimama sawa vile banamutuma ku polisi. Ule mutoto njo alimutembeza. Nilikuwa chini ya kitenge nacheka mpaka tumbo inaniuma. Nikasema, sawa, Papa Évariste iko pale, atanikamatia."

Alikuwa anacheka. Nilikaa na neno hilo muda mrefu. Hata sasa, nikiamka na uchovu wangu wa asubuhi, mara nyingine ndilo linalonijia kwanza: alikuwa anacheka, na mimi nikaona kulia. Nilimwambia ukweli pale pale, kwamba nilikata, na kwamba juu ya kaseti ya kamera sasa kuna harusi. Sikusingizia mashine. Ndiyo sifa moja ninayojipa kwa mwaka ule wote. Papa Évariste aliingia, nikamweleza tena mbele yao. Hakunigombeza. Aliketi, akavua miwani, akajipangusa macho kwa mkono kama mtu aliyetoka safari ndefu. "Philo, kosa ni yangu," alisema. "Nilikwambia ukate ya haya. Sikukwambia haya ya nani."

Tulizitafuta dakika zile pamoja kwenye kaseti ya kamera. Tulitazama harusi nzima, keki, ngoma na baba mkwe, na mwisho kabisa, baada ya bibi harusi kuingia garini, harusi ilikoma na chini yake ikachungulia kaseti ya zamani. Sekunde nne. Kiatu cha kulia cha Papa Léonard kilichokuwa na mguu wa Nadège ndani, na pindo la koti likipepea. Kisha theluji. Mama Anastasie aliomba airudie. Niliirudia labda mara tisa. "Hii ni kiatu yake," alisema mwishoni, akijifunga kitenge ili aende. "Lakini yeye haimo."

Ungedhani suluhisho ni rahisi: mwite Nadège, avae koti, atembee tena. Nilisema hivyo, na dada wa marehemu aliniangalia kana kwamba nimetema mate kanisani. Marehemu akishazikwa, hakuna kumwiga mpaka siku ya kutosha kilio, yaani ya kuondoa matanga, siku mjane anapooga na kuvua nguo nyeusi na watu wanakula na kunywa. Kumwiga kabla ya hapo ni kumwita, na ukimwita atakuja, na akija hatarudi mwenyewe. Mama Anastasie aliliamini hilo kama wengine. Kwa hiyo ilibidi kungoja miezi minane. Naye akaniambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo hii. Aliniambia tukiwa mlangoni, dada wa marehemu akiwa ametangulia: "Minaanza kusahau. Nafunga macho, namwona ku meza, namwona mu kitanda, lakini pa kuingia pa lupango, mu ua yetu, hapana. Mukono ya kushoto alikuwa anaiweka wapi? Miezi minane ni mingi, mutoto yangu."

Basi nikawa ninakwenda Naviundu kila Jumapili baada ya misa. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na hofu ya kitoto kwamba nikiacha kwenda, yule mzee atatoweka kabisa na mimi nitakuwa nimemuua mara ya pili. Uani kwao kulikuwa na mpapai mmoja na jiko la makaa lililotengenezwa kwa pipa la mafuta. Tulichambua sombe pamoja, na yeye alinisimulia kutembea kwa mumewe kipande kipande, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Wiki moja mkono wa kushoto ulishika suruali kwa sababu hakupenda mkanda. Wiki nyingine haikuwa suruali, ilikuwa mkoba wa kazi. Nilikuwa ninaandika kwenye daftari, na maandishi yangu yalipingana. Ndani ya nyumba mashemeji zake walikuwa wakinywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, na kuzungumza bila kupunguza sauti. "Anahesabia bwana yake hatua," alisema mmoja. "Badala ya kuombea roho yake." Mwingine akajibu, "Mwache. Minaona kichwa yake inachoka." Mama Anastasie alisikia yote, akaendelea kuchambua majani.

Nilichokuwa sijui wakati ule ni jinsi maombolezo yanavyochosha. Filamu nyingi zinaonyesha watu wakipiga mayowe, na mayowe yapo, siku mbili tatu. Baada ya hapo ni kazi tu. Ni kuamka, kuwasha moto, na kugundua umepika bukari ya watu wawili. Mama Anastasie alikonda, si kwa kulia, kwa kuchoka kumshika mtu aliyekuwa anateleza. Na ndiyo maana niliposikia Mama Régine akitaka filamu ya kutuliza roho nilishindwa kuichagua ile ya malaika na wimbo. Nimeona roho ikitulizwa mara moja tu maishani kwa macho yangu, na haikutulizwa kwa kufichwa kitu. Filamu ya Bénédicte ingemkera padri wetu, ingewachosha vijana, lakini Mama Anastasie angeielewa kuanzia beseni la kwanza. Angemwambia yule muuza makaa wa Naviundu, kifuniko kiko juu ya kabati, mwanangu, tazama juu ya kabati.

Siku ya kutosha kilio iliangukia wiki ya mvua za kwanza. Papa Évariste alinipa kamera mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Alisema mgongo unamuuma, nami nilijua mgongo hauna neno. Mama Anastasie alitoka ndani saa nane mchana ameoga, amevaa kitenge cha manjano ambacho hakikumkaa vizuri tena, na watu wakapiga vigelegele. Nadège alikuwa amekuja kutoka Kambove, ambako aliolewa mwezi wa tano, na alikuwa amechoka na safari, na nadhani tayari alikuwa mjamzito. Walimpa koti. Akalivaa, akaenda hadi kwenye mlango wa ua, akageuka, akaanza kutembea.

Haikuwa yeye. Hata mimi, ambaye sikumwona mzee akiwa hai, nilijua. Nadège alitembea kama kijana anayeiga mzee yeyote, mgongo umekunjwa, mkono kiunoni. Akakohoa. Watu wakacheka kwa hisani. Kwenye kioo kidogo cha kamera nilimwona Mama Anastasie akitikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Huyu haina yeye. Rudia."

Wakwe walinong'ona. Mjane hana nafasi katika mchezo wa wajukuu, anachezewa, hachezi. Nadège alisimama, hajui amtii nani. "Nkambo, nilisahau," alimwambia bibi yake. "Miezi ni mingi. Nilisahau."

"Hata miye nilisahau. Kuya hapa."

Mama Anastasie aliinuka kwenye kiti cha heshima. Alimnyoosha mjukuu mgongo kwa viganja vyake viwili vikubwa. "Hakuwa anakunjama. Alikuwa anajinyoosha, juu ya kiburi ya reli." Alimgeuzia kidevu kushoto. Alimrudisha mlangoni, akamwambia atembee hatua tano, akamsimamisha. "Polepole ku mukono ya kuume. Ule goti ilikuwa inamuuma." Akamrudisha tena. Shemeji mkubwa aliinuka ili aseme neno, na mkewe akamvuta shati akaketi. Mara ya nne, mara ya tano. Mvua ilianza kudondoka kwenye turubai. Kila mara kipande kimoja kilikaa mahali pake, na nilimwona Mama Anastasie naye akikumbuka palepale, mikononi, si kichwani: alipoufikia mkono wa kushoto hakusita hata kidogo, aliuchukua, akaukunja, akauweka nyuma ya mgongo wa Nadège, ngumi imefumba. Kumbe hapakuwa na suruali wala mkoba. Alikuwa anaficha kitu. "Alikuwa ananiletea arashide," alisema. "Karanga za kukaanga, mu karatasi. Kila siku. Na kila siku anaficha, sawa vile siyue."

Watu hawakucheka tena. Nadège alirudi mlangoni peke yake, hakuna aliyemwambia. Akaingia uani akiwa amejinyoosha, goti la kulia likimkawiza, ngumi nyuma ya mgongo, kidevu kushoto, na dada wa marehemu, yule aliyenifyonza, akapiga ukelele mmoja mfupi na kujiziba mdomo. Mzee alikuwa amewasili. Mama Anastasie alikuwa amesharudi kwenye kiti chake. Alimtazama akija hatua zote, mpaka akasimama mbele yake.

"Unachelewa," alimwambia. "Bukari inapoa."

Hakuna aliyewahi kumfundisha Nadège jibu lake. Lilikuwa la watu wawili, na mmoja wao amezikwa. Alinitazama mimi, akawatazama shangazi zake. Mwaka mzima nilifundishwa kwamba hapa ndipo mtu anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Sikubonyeza. Mama Anastasie alijijibu kwa sauti ya chini, ya kiume kidogo, "Ni treni njo ilichelewa, mama. Haina miye." Akafunua sahani iliyokuwa mbele yake, akasogeza kigoda kwa mguu.

Nadège aliketi na koti lake. Akanawa mikono, akamega, akala. Mama Anastasie alimwangalia mpaka alipomaliza.